Siku Kaseti Haikuzimwa

S.L.P. 36,
Nachingwea.
12 Mei 2001

Mpendwa Mjomba Eusebio,

Shikamoo. Habari za Korogwe, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa Pasaka? Natumaini kimekuachia. Sisi huku hatujambo kabisa. Mama ni mzima, magoti tu yanamsumbua akienda kanisani, lakini ulimi hauna maradhi yoyote. Unamjua dada yako.

Mvua zilitosha mwaka huu. Mihogo imekubali, na mbaazi za Mama zimeanza kutoa maua.

Mjomba, najua ulipoona bahasha imenenepa ulishakisia. Ni lile la posa ya Jonasi. Nimekuandikia mara mbili, na mara zote mbili umenijibu habari za mkonge. Baba mdogo amejitolea kukaa na wazee wa Ruangwa siku ya posa, Mama amekataa kabisa. Anasema sisi Wamakua binti hasemewi na mtu mwingine wakati mjomba wake yu hai. Kwa hiyo posa imekwama kwako, na mimi nimekwama pamoja nayo.

Lakini leo sikuandikii kulalamika. Nakuandikia kwa sababu ya Jumatano.

Jumatano ilianza kama siku nyingine za kazi. Alfajiri nilipita mashineni kuacha debe la mahindi, kisha nikapanda pikapu ya Mzee Awadhi, tajiri wangu wa dukani, kupeleka katoni za sabuni Ruangwa. Nilimkuta Jonasi kwenye kijiwe chake cha kutengeneza baiskeli, mikono imejaa grisi, anabishana na wateja habari za mpira. Akasema spoku zimemwishia, akadandia pikapu yetu kuja kununua Nachingwea. Usicheke, zilikuwa zimeisha kweli, nilichungulia kwenye boksi.

Saa saba nilikuwa nimeshasimama kaunta. Sukari robo, chumvi, kiberiti, mafuta ya taa. Na Jumatano, mjomba, ndiyo siku ya kaseti. Mzee Awadhi bado anazo zile za chemsha bongo alizorekodi redioni zamani. Watu wanazijua zote kwa moyo, lakini bado wanagombania kujibu kabla ya mshindani, na anayewahi anapewa pipi. Bi Zaitun wa maandazi ana wajukuu tisa na anagombania pipi kuliko mtu yeyote.

Nisikufiche, inayopendwa kuliko zote ni yako ya mwaka 1984. Ulipokwenda Dar es Salaam na timu ya wilaya mimi nilikuwa na miaka sita, lakini nakumbuka umati ulivyojaa hapo dukani kukusikiliza. Ukaulizwa ni mto gani unatutenganisha na Msumbiji. Wewe, ambaye babu yako aliuvuka Ruvuma na watoto mabegani, ukajibu Mbwemkuru, mto wa huku huku kwetu! Mpaka leo hapo ndipo duka linapovunjika mbavu, na hapo ndipo Mzee Awadhi huzima. Tangu siku ile wewe ukawa Mbwemkuru, sokoni na kanisani. Baada ya miaka miwili ukahamia Korogwe, na hujarudi. Nyumbani hakuna anayesema sababu, na hakuna asiyeijua.

Sasa sikia. Kaseti ikiwa katikati, adhana ya Alasiri ikalia. Mzee Awadhi akatoka kwenda msikitini, akaniambia, "Ikifika pale uzime." Ilipofika pale, mikono yangu ilikuwa imelowa mafuta ya taa, chupa tatu zinanisubiri. Watu wakacheka kama kawaida. Jonasi peke yake hakucheka. Akasema, "Ningewekewa mimi kile kipaza sauti, hata jina langu ningelikosea."

Kaseti ikaendelea. Kumbe siku ile watu walivyotawanyika wakicheka, mashine ya Mzee Awadhi iliachwa inarekodi! Tukakusikia, mjomba. Umeulizwa mji mkuu wa Zambia, umejibu. Miguu ya buibui, umejibu. Sita mfululizo hukukosa hata moja, na sauti yako inazidi kunyooka. Bi Zaitun alisahau kugombania pipi, akawa anapiga makofi tu. Kisha mtangazaji akasema Nachingwea ni washindi wa pili, zawadi yao ni saa za ukutani.

Mjomba, ile saa uliyorudi nayo! Mji mzima ulisema umeinunua Kariakoo. Nyumbani kwetu pia tulisema hivyo. Nilitamani kujificha chini ya kaunta kwa aibu, na wakati huohuo furaha ilikuwa inanipasua.

Mzee Awadhi aliporudi tulimrudishia mkanda akasikiliza mwenyewe. Akakaa juu ya gunia la chumvi, akasema, "Kijana wa watu nimemkosea miaka kumi na saba." Ameniomba nikuandikie kwamba anataka radhi, na hapo hapo akanipa kaseti niipeleke nyumbani.

Mama alikuwa anachambua mboga. Nilimwekea bila kumwambia kitu. Kuna neno moja mwishoni ambalo dukani sikulitilia maanani, yeye ndiye aliyelidaka. Mtangazaji anakuuliza kama una salamu, nawe unasema, "Namsalimu dada yangu Kornelia. Najua ananisikiliza."

Akaweka ungo chini. Akasema, "Aliporudi aliniuliza, umenisikia? Nikamwambia, tumekusikia wote, Mbwemkuru." Akalia, mjomba. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona Mama akilia mchana. Baadaye akacheka, akaniomba nirudishe mkanda, akakusikiliza mara nne.

Wazee wa Ruangwa watakuja Jumamosi ya pili ya Julai. Nimemwambia Jonasi kwamba usipokuja wewe tutangoja mpaka uje, naye amekubali bila kununa. Nampenda, mjomba, lakini nataka wewe ndiye useme ndiyo yangu.

Bi Zaitun anakusalimu, na baba mdogo, na Mzee Awadhi ambaye tangu Jumatano hakuna anayethubutu kusema Mbwemkuru dukani kwake. Msalimie sana shangazi na watoto. Mungu akulinde na akupe njia nyeupe.

Mama yuko hapa begani kwangu, ananihimiza nisisahau ujumbe wake. Nauandika kama anavyousema: "Mwambie Eusebio, salamu zake zimefika. Mimi sijambo. Sijui yeye."

Mpwa wako akupendaye, anayekungoja,
Dorotea