Maji ya Upande wa Mawe

Kulbarra,
Jumapili, mwezi Machi.

Kaka yangu Rolf,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limetulia, na wifi yangu Janelle ameshazoea joto la huko pwani. Sisi huku ni wazima kwa kadiri vumbi linavyoturuhusu. Tangu Krismasi tumepata milimita kumi na moja za mvua, na nne kati ya hizo zilinyesha siku niliyoanika mashuka. Bi Dulcie amewekewa nyonga mpya na amekwisha kurudi nyuma ya kaunta ya duka lake. Mguu bado unachechemea, lakini ulimi ni uleule unaoujua.

Najua umepiga simu wiki nzima. Nimeziona, nikaziacha ziite. Kwenye simu wewe husema, "Verna, nisikilize," kisha mimi ndiye ninayesikiliza mpaka chaji inakwisha. Barua huwezi kuikatiza. Basi keti, mwambie wifi akutilie chai, unisome mpaka mwisho.

Kwanza nikueleze nilivyojua kuwa umeuza shamba la baba, maana hukuniambia wewe. Niliambiwa na mikono ya watu. Unajua barabarani kwetu jinsi tunavyosalimiana: unapishana na gari, unainua kidole kimoja kwenye usukani, mwenzako anainua chake, basi. Mkono mzima hatuinuliani ila kwa aliyefiwa, au kwa anayehama na vitu vyake viko nyuma ya lori. Asubuhi ile nilikuwa nakwenda mjini kununua chujio la dizeli. Nikapishana na Clem Garraty, jirani yetu wa kaskazini, mtu ambaye katika miaka yote ninayomjua hajawahi kuinua zaidi ya kidole. Akainua mkono mzima. Nikasema labda mzee ameumwa na nyuki. Mbele kidogo, dereva wa basi la shule naye akanipungia kiganja chote, na macho ya huruma juu yake. Kisha akaja Murray Heffernan na pikapu lake jipya, na huyo hakuinua kitu. Alikuwa akitazama mishale ya dashibodi kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Nikajua hapo hapo: ama umekufa, kaka, ama umeuza. Na kama ungekuwa umekufa, Janelle angenipigia.

Bi Dulcie ndiye aliyenimalizia. Aliniuliza kama nataka chujio au nataka kiti. Nikamwambia nataka chujio. Akasema shamba lote limekwenda kwa Heffernan, nyumba, mabanda, matangi na kila kitu, na kwamba bado hajakukabidhi fedha ila ameshapewa ruhusa ya kuingiza kondoo, na kwamba dalali Neville Tuck alikuwa ameachiwa kazi ya kuniarifu lakini akaniogopa. "Kakako hana uso," alisema, "basi angalau angetuma kadi." Nikamwambia wewe kadi hujatuma hata siku nilipoachwa na Terry, kwa nini uanze leo.

Sasa nisikie vizuri. Sikuandikii kulia. Baba alipotugawia, alisema shamba ni la mtoto wa kiume, kwa kuwa mimi nitaolewa na kwenda kwenye shamba la mtu. Hakuna aliyeshangaa, hata mimi, maana hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kila nyumba hapa. Siku ya harusi yangu alinipa ule upande wa mawe ulioko mlimani, hekta thelathini na mbili ambazo jembe likizigusa linarudi limepinda. Wewe ulisimama na glasi ya bia mbele ya ukumbi mzima ukasema dada yako sasa ni mfugaji mkubwa wa mijusi. Watu walicheka mpaka wakashika meza. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa na miaka ishirini na nguo nyeupe, ungetaka nifanye nini?

Kisha Terry akaondoka kwenda migodini na hakurudi, na mimi nikawapikia wakata manyoya ya kondoo, nikaendesha malori ya ngano msimu hadi msimu, nikanunua mashine ya kupandia iliyochakaa, nikaichomelea mwenyewe kipande kwa kipande, nikawa nawapandia watu kwa ujira. Ulipochoka na vumbi ukahamia baharini, uliniomba nilime shamba la baba kwa nusu kwa nusu. Nimelilima misimu kumi na mmoja. Mwaka wa ukame nilikutolea tani moja kwa hekta wakati Heffernan alipata mabua ya kutandikia kuku. Hukuwahi kuja kuuliza nimefanyaje. Na mimi sikukuambia, kwa kuwa nilidhani nafanya kazi nyumbani.

Haya, mnada. Umekosa jambo, kaka. Neville alipanga vitu vyote kwa mistari pale uwanjani nyuma ya banda la kukatia manyoya: majembe, magurudumu, madumu, vitanda vya wafanyakazi, ile fuawe ya baba, hata beseni tulilooshewa. Akina mama wanaochangia hospitali waliuza chai na vile vikate vya skoni. Magari yalijaa mpaka barabarani. Kama ujuavyo, siku kama hiyo nusu ya watu huja kununua na nusu huja kuona nani anatokwa na machozi, na wengi walikuwa wamenipangia mimi hiyo kazi.

Nilitembea mstari wa kwanza, nikatembea wa pili, na katika wa tatu nikaikuta mashine yangu ya kupandia. Yangu, Rolf. Imebandikwa karatasi ya namba, imepulizwa maji, inang'aa kama bibi harusi. Neville aliikuta kwenye banda lako na hakuuliza. Nilimfuata nikamwambia hiyo si ya mnada. Akatazama karatasi zake akasema kila kilichomo bandani kimeandikwa kuwa cha mwenye banda, lakini nisihofu, nikitaja bei ndogo tu hakuna atakayeongeza, yeye ataipigia nyundo upesi na wewe utanirudishia fedha. Nami nilijua anachosema. Hapa mtu wa familia akinyanyua sauti kwenye mnada wa kwao, majirani hufunga midomo. Wajane wamerudi na masanduku yao hivyo, na wana wamerudi na bunduki za baba zao.

Basi nilingoja. Ilipofika namba ile nikataja bei ya mbuzi. Uwanja ukatulia. Neville akainua nyundo. Na Murray Heffernan, akiwa ameegemea gurudumu, akainua kidole kimoja.

Kidole kilekile, kaka. Kile alichoshindwa kuniinulia barabarani.

Neville akamuuliza kama anafahamu ni nani aliyetaja bei kabla yake. Heffernan akajibu anafahamu sana, ila familia ya mwenye shamba iko Queensland, na huyu hapa ni mkulima wa kukodi kama wengine. Niliweka kikombe changu cha chai juu ya dumu, nikapanda juu ya mashine, nikakaa.

Neville alinisihi nishuke. Alisema hawezi kuuza kitu kikiwa na mtu juu. Mmoja nyuma akapiga kelele, "Mwuze nayo!" Bi Dulcie akamjibu kutoka kwenye meza ya skoni, "Nani atamlisha? Wewe hata mbwa wako anakula kwangu!" Watu wakaangua kicheko, na kicheko hicho, nakuambia, kilikuwa cha upande wangu. Ndipo Clem Garraty akatoa mikono mifukoni. Alisema mashine hiyo ni ya Verna, ilimpandia yeye mwaka alipofanyiwa upasuaji wa moyo, na huo mshono wa chuma pale mbele aliushikia taa mimi nikichomelea. Kwa Clem hiyo ni hotuba ya bunge. Akavua kofia, akaivaa tena, akaenda kufungua lango.

Wengine wakaanza kutazama viatu vyao. Neville akachana ile karatasi ya namba. Heffernan akacheka, akasema haidhuru, nichukue vyuma vyangu nikapande mijusi, yeye anayo nyumba, anayo mabanda, na anayo maji hadi hori la mwisho.

Maji hadi hori la mwisho. Nilikuwa tayari nimefunga mashine kwenye trekta, lakini maneno hayo niliyasikia juu ya injini, na nikayachukua nikaondoka nayo.

Kwa sababu hapa, kaka, ndipo penye jambo nililokuandikia.

Funga macho ukikumbuke kinu cha upepo. Kile ulichokuwa ukikitazama kila asubuhi ukipiga mswaki, kinachovuta maji ya kisima kirefu na kuyashusha kwa bomba hadi tangi kubwa, na kutoka tangi kubwa hadi nyumbani, hadi bandani, hadi kila hori la shamba la baba. Kila mtu wa Kulbarra anakiona kinu hicho. Dereva wa basi anakitumia kujua upepo. Sasa tafuta uzio wa mpaka, utembee nao kwa macho yako, halafu uniambie kimesimama upande gani.

Kimesimama kwenye mawe, Rolf. Kwa mijusi. Baba alichimba hapo kwa kuwa ndipo maji yalipopatikana, na alipokuja kunigawia mlima hakukumbuka kukiondoa kinu kwenye zawadi, maana hakuwahi kufikiri kuwa nilichopewa ni kitu. Wewe hukukumbuka kwa kuwa hujapanda ngazi ya kinu hicho tangu ulipokuwa na nywele. Neville hakukumbuka, Heffernan hakukumbuka, na hao wote ndio walioketi wakauza na kununua shamba lenye maji. Mimi ndiye niliyekuwa nabadilisha ngozi za pampu. Nimejua siku zote. Sikusema, kwa kuwa maji yalikuwa yanakwenda nyumbani.

Jumatatu iliyopita nilipanda mlimani nikafunga koki kuu.

Usinitukane bado. Lile bomba dogo la mahori nimeliacha wazi, kwa kuwa kondoo wa Heffernan hawajanikosea. Wanakunywa mpaka wanalala. Lakini nyumbani hakuna tone, bandani hakuna tone, na wakati wa kunyunyizia dawa kabla ya kupanda unakuja, na tangi lake la dawa linameza lita elfu nne za maji kwa mkupuo. Alikuja siku ya pili na kofia mkononi. Alisema baba alimwahidi majirani wataelewana. Nikamwambia baba alikuwa na ahadi nyingi, na zote aliwapa wanaume. Akasema nitaufanya mji mzima unichukie. Nikamwambia mji mzima ulikuwepo siku alipoinua kidole. Akaondoka bila kumaliza chai, na nadhani ndipo simu zako zilipoanza.

Basi haya ndiyo ninayotaka. Nyumba na bustani ya mama. Banda la mashine. Na shamba lile moja linalopakana na barabara, hekta mia na kumi, ambalo nimelisafisha mawe kwa mikono yangu. Viandikwe kwa jina langu, si la mume, si la mwana. Kingine chote mwuzie Heffernan, na siku nitakapopata hati nitafungua koki na kuandikiana naye maji ya kudumu kwa haki. Hatakumalizia fedha zako bila maji. Amekwisha kumwambia Neville hivyo, na Neville amemwambia Bi Dulcie, yaani gazeti limeshatoka. Sitaki samahani yako. Sitaki unitumie kadi. Ukikataa, mimi nitakaa na mijusi na kunywa maji matamu kuliko yote wilayani, na wewe utakuwa na shamba kavu la kuuza. Nimefanya hesabu zangu. Fanya zako.

Utasema baba angeona aibu. Labda. Lakini aliniambia nitaishi kwenye shamba la mtu, nami nimechoka kuutimiza utabiri wake.

Nifunge barua kabla jua halijaingia kwenye meza. Mpe wifi salamu zangu, mwambie maua yake ya waridi bado yako hai. Nimeyapelekea ndoo mwenyewe kutoka mlimani, kwa kuwa nayo hayajanikosea. Wabusu wajukuu. Angalia goti.

Na nisisahau: barabarani mambo yamerudi kama zamani. Clem ananiinulia kidole kimoja, dereva wa basi kimoja. Jana nilipishana na Heffernan pale darajani. Akasita, kisha akainua kimoja, na mimi nikamrudishia kimoja, si kwa upendo, ila kwa kuwa sote tunabaki hapa.

Mkono mzima ninakuinulia wewe.

Ni mimi dada yako,
Verna
Kwenye Mawe, Kulbarra.