Shati la Bluu la Baba Neema

Jumatatu, 7 Julai

Nimempigia pasi Baba Neema nguo za safari. Kaki, kama kawaida. Anapeleka wageni mbugani hadi Ijumaa, kasema. Nikaingiza soksi kwenye begi, mkono ukagusa kitu chini kabisa. Shati la bluu. Jipya.

Bluu! Huyuhuyu aliyenicheka mwaka ule alipotupeleka mbugani mie na watoto. Nilivaa kitenge cha bluu, mbung'o wakanila hadi kwenye bwawa la viboko. Wageni wa gari la jirani wakaacha viboko wakawa wananitazama mie ninavyojipiga makofi. Akasema dereva wa watalii anayejielewa havai bluu wala nyeusi, mbung'o wanazifuata. Sasa hili anamvalia nani?

Sikuuliza. Nimelirudisha palepale. Nina hasira.

Jumatano, 9 Julai

Katuma picha ya twiga. Majani kijani kibichi. Julai hii? Mwenyewe hutuambiaga kiangazi ndio msimu, nyasi zimekauka, wanyama wote wako mtoni. Picha ya zamani hiyo.

Neema kawaonyesha wenzake. Watoto wa mtaa huu wa Tabata wanamwita Baba Tembo kwa hadithi zake. Nimetabasamu nao. Rohoni moto.

Ijumaa, 11 Julai

Karudi. Buti safi. Nimezigonganisha uani, halijadondoka hata vumbi. Zamani nilikuwaga naloweka kaki zake maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Leo nimefua nguo ambazo hazijavaliwa. Na shingoni hana hata alama moja ya mbung'o.

Kawasimulia watoto simba jike aliyekuja kulala kwenye kivuli cha gari, wageni juu wamebana pumzi. Ileile ya mwaka jana. Hata kukohoa kakohoa palepale.

Kuna mwanamke. Naandika hapa kwa sababu sitaki kumwambia mtu.

Jumapili, 13 Julai

Nimemwambia mtu. Joyce, tunaimba naye kwaya. Akashusha pumzi, akasema alikuwa anaogopa kunianza. Wiki iliyopita kamwona Baba Neema Kipawa, karibu na kwa mdogo wake Elia. Kavaa shati la bluu. Anacheka na watu.

Mie najua yuko kwa nyati, kumbe yuko Kipawa.

Nikithibitisha naondoka. Nachukua watoto, narudi kwa mama Iringa. Sanduku nimeshalitoa juu ya kabati.

Alhamisi, 17 Julai

Jana kaaga tena. Leo nimeomba ruhusa chekechea ninakofundisha, nikaenda Kipawa kwa Elia. Elia kaniona tu akaanza kutafuta maneno. Nikamwambia asihangaike, aniambie alipo. Akasema uwanja wa ndege, kwenye maegesho.

Nimemwona. Shati la bluu, beji ya hoteli kifuani. Anashusha masanduku ya wageni kwenye basi dogo. Wageni wanapanda ndege kwenda mbugani, yeye anawaaga. Kaweka viganja masikioni, anawaonyesha tembo akikasirika anavyotanua masikio. Wakacheka, wakampiga picha, wakaingia ndani. Yeye akakaa kwenye usukani, akainamisha kichwa.

Nilisubiri huyo mwanamke. Hakuna aliyekuja.

Nikafungua mlango, nikakaa pembeni yake. Hakushtuka sana. Nadhani alichoka kuficha. Nikamwuliza ni nani. Akasema hakuna mtu.

"Tembo alitujia, Mama Neema. Tembo mwenye mtoto. Wageni wanapiga kelele nyuma, funguo ninayo, mikono ikakataa."

Dereva mwingine ndiye aliyekuja kumfukuza tembo kwa honi. Ilikuwa Pasaka ya mwaka huu. Hakuumia mtu. Lakini tangu siku hiyo akifika geti la hifadhi anatetemeka. Akaacha kazi. Akapata hii ya hoteli ya Mikocheni. Siku za "safari" analala kwa Elia. Akasema angeanzaje kuwaambia watoto kwamba Baba Tembo anaogopa tembo.

Nimelia kwa hasira. Angekuwa mwanamke ningejua la kumfanya.

Ijumaa, 18 Julai

Karudi leo. Miezi yote hiyo kanifanya mjinga, nimepiga pasi kaki za bure, nimemwombea kanisani asiliwe na simba, kumbe yuko Kipawa anakula ugali wa Elia. Naumia. Pia namwonea huruma, na hilo linaniudhi zaidi.

Joyce kapiga simu. Nimemwambia hakuna ishu, ni kazi tu.

Jumatatu, 21 Julai

Sanduku limerudi juu ya kabati.

Asubuhi nimepiga pasi shati la bluu. Nimelitundika sebuleni, pale panapokaaga kaki. Baba Neema katoka kuoga, kaliona, kasimama. Watoto wako mezani wanakunywa chai.

Neema ndiye aliyeuliza. Baba, mbung'o je?

Akanitazama. Mie nikaendelea kumimina chai.

"Ninakokwenda hakuna mbung'o, mwanangu. Mbugani siendi tena. Jioni narudi kula na nyie."

Kalivaa. Kola imekaa vizuri.

Nimeloweka maharage, nimeongeza kikombe.