Uzi wa Pua ya Simile

2 Februari 1986

Mwanangu Penseli,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mimi mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha umri wangu kila nikipanda ngazi. Mama yako hajambo, anasema unakula kidogo huko, amejuaje, sijui. Simile naye anakusalimu kwa mkia. Juzi ametafuna soli ya kiatu changu cha kwendea mikutanoni.

Na mikutano yenyewe ni moto. Viwango vipya vya Shirikisho la kimataifa vimefika, na Chama chetu cha wafugaji kimepasuka katikati kama gogo. Wanataka mbwa wa uzao wetu awe na kichwa kikubwa na pua fupi, isiyozidi theluthi ya kichwa. Asiyefikia hapo atafutwa kwenye daftari la koo, na watoto wake hawatapata cheti popote duniani. Mwenyekiti wetu, yule daktari wa meno, anashangilia, maana ameshaagiza dume la pua fupi. Mimi na fundi viatu tuliapa kupinga. Unaijua nyumba yetu: nyuzi saba msumarini nyuma ya mlango, kila uzi ni pua ya mbwa mmoja, fundo la jichoni na fundo la puani, tangu enzi za babu yako, na hakuna uliopungua hata upana wa kidole. Wewe ndiye uliyekuwa ukinishikia upande wa pua, ukilambwa mkono mpaka kwenye kiwiko.

Basi nikasimama kusema. Mwenyekiti akafungua kitabu cha viwango, ukurasa wenye picha ya mbwa anayetakiwa. Mwanangu, ule mkono naujua. Ile mistari mitatu ya manyoya chini ya sikio umeichora tangu una miaka sita. Nilijua umepata kazi ya uchoraji kwenye ofisi kubwa, sikujua ndiyo hiyo. Nikawaambia, kama binti yangu kachora hivi, basi ameona jambo ambalo mimi sijaliona. Nikaenda kuketi upande wa mwenyekiti, fundi viatu akabaki peke yake kwenye benchi letu.

Simile yuko kwenye joto. Wiki ijayo nampeleka kwa lile dume.

Mimi baba yako, mwenye fahari


20 Februari 1986

Baba mpendwa,

Shikamoo, na mama pia shikamoo. Mimi sijambo, baridi tu ndiyo inanitafuna vidole. Mwambie mama nakula.

Umenichekesha na kuniliza kwa kunijua kwa mistari mitatu. Ndiyo, picha ni yangu. Tuko wachoraji wawili, meza yangu iko dirishani, na kamati ya viwango inakaa chumba cha pili.

Kuhusu Simile, haraka ya nini? Bado kijana. Labda ungoje joto lijalo tuone mambo yanakwendaje, viwango navyo hubadilika. Na usigombane na fundi viatu kwa ajili yangu. Kazi ni kazi, baba, mchoraji huchora anachoambiwa.

Nakomea hapa, kuna kurasa za kumaliza leo.

Wako, binti yako


9 Machi 1986

Mwanangu Penseli,

Marahaba. Huku wazima, goti ni lile lile. Barua yako imekuta mambo yameshapita. Simile alipandishwa tarehe kumi na mbili, na tumbo limeanza kuonekana. Atazaa katikati ya Aprili.

Kile kiatu kilichotafunwa nilimpelekea fundi viatu. Amenirudishia bila kukigusa, akasema mguu wa msaliti hautiwi soli. Miaka thelathini ya urafiki, mwanangu. Nimekuja nyumbani nacho mkononi kama mtu aliyefukuzwa harusini.

Sasa nisikilize. Hilo neno lako, kwamba mchoraji huchora anachoambiwa, limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Aliyekuambia ni nani, na alikuambia nini? Picha yako nimeibandika ukutani pale Simile atakapozalia, nitampima kila kitoto kwayo. Heshima yangu yote nimeiweka juu ya mkono wako. Nijibu upesi.

Mimi baba yako


6 Aprili 1986

Baba,

Shikamoo. Natumai ninyi ni wazima. Mimi si mzima. Barua hii nimeiandika mara nne tangu tarehe ishirini na tatu, na mara nne nimeichana.

Nilichora mbwa wetu. Nilimchora mama yake Simile kwa kumbukumbu, na pua yake nzima. Mkuu wa kamati akaja mezani kwangu, akaweka vidole viwili juu ya karatasi, akasema, "Toa hapa." Nikamwambia baba yangu ana nyuzi saba nyumbani. Akacheka, wala si kwa ubaya, akasema majaji siku hizi wanapenda uso wa kitoto kichanga. Nilikuwa na wiki ya tatu tu kazini. Nikachukua kifutio, baba. Nikaifuta pua ya mbwa wetu, nikapuliza vumbi lake.

Hao wa pua fupi nimewaona huku. Wanalala na mpira mdomoni ili mdomo usifunge, wapate hewa. Majike yao hayazai yenyewe, vichwa vya watoto havipiti, lazima yapasuliwe. Nilikuwa nayajua hayo yote nilipokuandikia kazi ni kazi. Niliona aibu, kwa kuwa ulikuwa umesimama mbele za watu kwa ajili yangu. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao, lakini mimi sijala kitu, nimewalisha ninyi tu.

Usimwache azae mwenyewe. Daktari wa mifugo ampasue kabla ya siku kufika. Baba yangu, nakupigia magoti.

Binti yako, kama bado ni binti yako


Simu ya maandishi, 13 Aprili 1986

SIMILE APASULIWE SASA. ASIZAE MWENYEWE. BARUA YAJA. BINTIYO.


11 Juni 1986

Mwanangu,

Salamu. Barua zako tatu za Mei zimefika. Sikujibu kwa sababu sikuwa na neno lisilo tusi. Mama yako anakusalimu, yeye ameshakusamehe. Mimi bado.

Simu yako ililetwa tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi. Simile alikuwa ameanza tangu alfajiri, kichwa cha kwanza kimekwama. Mimi nilikuwa nimepiga magoti chini ya picha yako, namwambia vumilia mama, ndivyo wanavyotakiwa kuwa. Mama yako akakimbia kwa daktari wa mifugo, akaambiwa kaenda mbali kuchanja ng'ombe. Aliyekuja ni fundi viatu, kwa kuwa alimwona mama yako akipita mbio bila viatu. Tuliwatoa wanne kwa mikono yetu. Watatu hawakupumua. Simile alinilamba mkono mara moja, utadhani yeye ndiye mwenye kuomba radhi, akafa mchana. Fundi viatu alichimba kaburi, hakunilaumu hata kwa jicho. Barua yako ya tarehe sita ilifika siku sita baada ya kumzika.

Kabla hatujamfukia nilimpima. Uzi uliniponyoka mara tatu, maana hapakuwa na wa kunishikia upande wa pua.

Jana mkaguzi wa Chama alikuja kumtazama aliyebaki. Alimweka chini ya picha yako, akampa alama zote, akaniambia hajapata kuona mbwa bora kama huyu. Mbwa bora huyu akitaka kula lazima aache kupumua, na akitaka kupumua lazima aache kula. Mama yako anampakata kutwa, anamlisha kwa kijiko, tone kwa tone. Hatujui kama atafika mwisho wa mwezi.

Mkaguzi alipoondoka nilichukua uzi nikampima na yeye. Nilifunga fundo la jichoni, nikatafuta pa kufunga la puani. Mafundo yamekaa moja juu ya jingine.

Nyuzi zote mbili zimo ndani ya bahasha hii. Mrefu ni mama, huo mwingine ni mwana. Zipeleke kwa yule aliyekuwekea vidole viwili, uzitandaze mezani pake kamati nzima ikiwapo, uwaambie ni za nani, na wewe ni binti wa nani. Wakikufukuza, njoo nyumbani, kitanda chako kipo. Usipozitandaza, usiniandikie tena.

Baba yako