Mbwa wa Nyumba ya Pili

Adeer Sugow, ami yangu,

Asalaam aleikum. Salamu ni haki ya dini, zaidi ya hapo usitarajie kitu.

Huku Uchina baridi imeanza, masomo yanaendelea. Nasikia unawatangazia watu wa mtaa wetu wa Iftin kwamba niliacha familia iliyonipokea nikahamia kwa wenye mbwa. Ni kweli. Familia ya kwanza haikunikosea. Mama wa nyumba alininunulia sufuria mpya, isiyowahi kupikiwa nguruwe. Lakini mwanao Hanad, uliyemwambia anichunge huku, alikuwa akiingia chumbani kwangu bila kubisha hodi.

Hanad anaogopa mbwa tangu utotoni. Nyumba hii niliichagua mwenyewe. Mbwa hulala mlangoni kwangu, na mimi ndiye ninayemlisha.

Binti wa ndugu yako,
Abshiro