Kitambala ya Mukia

Jumamosi, 7 Juni 1975
Tumerudi. Vumbi mu meno, vumbi mu masikio, vumbi mpaka ndani ya chupi. Samaki imefika bila kuoza, baridi ya mwezi hii inasaidia. Nimeosha sufuria na bado muchuzi inalia ku meno kama muchanga.

Kila jumamosi njo vile. Banaume ba hapa Kikula wenye iko na pikipiki banaenda pamoja Kapolowe, kutafuta bunga ya mahindi na samaki ya ziwa, juu mu soko yetu bunga inaonekana kama mwezi, leo iko, kesho hakuna. Banaenda pamoja kwa kuogopa kamyo, malori makubwa. Muntu peke yake, kamyo inamupitia kama kuku. Kundi, kamyo inaogopa kidogo.

Minye napanda nyuma ya Kasongo, mujukuu yangu. Mama yake alikufa angali ananyonya, nilimulea na maziwa ya kopo na matusi. Leo anafanya kazi ku kiwanda ya Shituru, muntu mukubwa, mabega kama mulango. Na sasa mukubwa wao wa njia, Papa Mutombo, anamutia nyuma ya batu bote. Mukia. Njo jina banamupa, mbele ya macho yangu: mukia. Tena banafunga kitambala ya njano ku taa ya pikipiki yake, kama mutoto anatoa makamasi.

Papa Mutombo iko na sheria kuliko padri. Mumoja pembeni ya kuume, anayefuata pembeni ya kushoto. Katikati yenu kuingie nyumba mbili. Hakuna kupitana. Mwenye hajazoea anakaa karibu ya mbele. Mukia anabaki mukia. Nikauliza nani alimufundisha, akasema njia.

Mukia inafukuza nzi. Si kitu ya kumupa mujukuu yangu.

Jumapili, 8 Juni
Nyuma ya misa bamama banacheka. Mumoja ananiita Kambo, vile banaita bibi mwenye bajukuu, anasema, jana tuliona mufuko ya bunga inapita juu ya pikipiki, kumbe ni weye. Nilicheka nao. Ilinichoma.

Nikamuambia Kasongo atafute nafasi ya mbele. Akasema, "Kambo, ni kazi banayonipa." Akaendelea kusafisha bujii yake, ile plagi ya pikipiki. Huyu mutoto hana kiburi hata ya kijiko moja. Nani alimulea?

Alhamisi, 12 Juni
Ngalula amekuja na mikate ya moto. Ni jirani, muntu wa Kasai, bwana yake Tshibangu ni karani ku biro. Miwani minene kama chini ya chupa. Amepata pikipiki juzi tu na ataenda nasi jumamosi. Ngalula hana usingizi. Anasema bwana yake ku kinga, baiskeli tu, alikuwa anaanguka, sasa ku kitu yenye kuwaka moto itakuwa je.

Nikamuambia, "Mama, lala. Minye niko kule. Nitamuangalia kama yai."

Akaniachia mikate yote.

Jumapili, 15 Juni
Sista aliyenifundisha herufi ku parokia alisema andika polepole. Naandika polepole. Haisaidie.

Jana. Kwenda hakukuwa matata. Tshibangu nyuma ya Papa Mutombo, sawa vile inafaa, sisi nyuma ya bote. Kapolowe tukanunua. Mu kurudi tukasimama kupumzika pale lami inaisha. Kule nikafungua kinywa.

Nikasema mbele ya bote. Nikasema Kasongo anafuata matako ya batu mpaka amesahau sura zao. Nikasema babu yake alikuwa mutangulizi wa bawindaji, na yeye anavaa kitambala kama mama mujamuzito. Nikasema, "Ku kwetu mukia tunapatia mbwa." Banaume bakacheka. Ninajua kuchekesha. Kasongo akaangalia chini.

Tukaondoka. Kamba ya mizigo ya Tshibangu ikafunguka, akabaki kufunga. Akaambia benzake batangulie, Kasongo iko nyuma. Njo kazi ya mukia, kungojea. Sikujua. Hapana, nilijua, nilisikia mara mingi. Sikutaka kujua. Nikaguna nyuma ya mugongo ya mujukuu yangu mpaka Tshibangu alipopanda.

Kilima ya kwanza Kasongo akafungua gazi, akaongeza mwendo, akamupita Tshibangu. Tukafika nyuma ya bengine. Vumbi ikapungua, hewa ikaingia mu kifua. Nikamupiga ku bega, nikasema sasa njo uko muntu. Nilifurahi. Naandika ile neno juu ni ya kweli: nilifurahi.

Pa kuingia muji Papa Mutombo akasimama. Akahesabu batu. Akahesabu tena.

Tukageuka, tukamukuta Tshibangu mu mufereji, pikipiki juu yake, bomba ya moshi inalala ku muguu. Miwani haikuvunjika. Kila kitu ingine, ndiyo. Samaki mu majani, siafu tayari beko juu. Sauti yake ilikuwa imekwisha juu ya kuita. Aliita nani? Aliita mukia.

Kamyo ya muhogo ikamuchukua.

Jumatatu, 16 Juni
Lupitalo. Mufupa imevunjika pahali pawili, na pale bomba ililala nyama imeiva. Dokta anasema kama ile kidonda inaoza, watakata.

Ngalula alikuwa anakaa chini pa kitanda. Nikamusalimia. Akasema, "Ulisema kama yai."

Akageukia kitanda. Nikarudi na miguu, miguu yangu yote miwili, nikayiona mpaka nyumbani.

Jumatano, 18 Juni
Banaume balikuja hapa mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu, kuongea. Nikawapa munkoyo ya kunywa. Sikukaa ndani kama mwanamuke wa heshima, nilikaa pa mulango.

Papa Mutombo hakupaaza sauti. Ingekuwa afazali. Akachukua ile kitambala ya njano, akaiweka juu ya magoti. Akasema yeye mbele haone batu. Vumbi inafunika bote. Mu kioo yake anatafuta kitu moja tu, njano. Akiona njano, anajua nyuma ya njano hakuna muntu, batu bote beko katikati, anaendelea. Asipoona njano, anasimama.

Jumamosi aliona njano.

Nikaelewa pale pa mulango. Kitambala ilitangulia, na Tshibangu akabaki nyuma yake, mahali penye hakuna muntu. Tulibeba uongo ku taa, tukaenda nayo mbio, na minye nyuma nacheka.

Papa Mutombo akasema tena, mukia habaweke mujinga. Banaweka ule mwenye anaweza kuachwa nyuma na asimuache mwenzake. Ndani ya batu bote balimuchagua Kasongo.

Jina yangu ni Mujinga. Ku Kiluba ni mutoto aliyezaliwa na kamba ya kitovu mu shingo. Mu Swahili ni kile nilikuwa jumamosi.

Nikasema, "Ni minye. Mulisikia bote. Ni kinywa yangu."

"Tulisikia, Kambo," Papa Mutombo akasema. "Tena tulicheka. Lakini mukono ku gazi ilikuwa ya nani?"

"Yangu," Kasongo akasema.

Nilitaka hata anilaumu kidogo. Mutoto mubaya. Hakuniachia hata ile.

Alhamisi, 19 Juni
Ameingiza pikipiki ndani, ameifunika na shuka. Iko kati ya meza na kitanda yangu kama maiti yenye kungojea jamaa. Anaenda Shituru na miguu. Anatoka jogoo hajawika.

Nikamuambia panda, utachelewa. Akasema hataki tena muntu amutegemee nyuma wala mbele.

Jumamosi, 21 Juni
Balienda bila yeye. Nilisikia pikipiki zinapita pa barabara. Kasongo alikuwa anapasua kuni. Shoka ikabaki juu mpaka sauti ikaisha.

Jumanne, 24 Juni
Kila siku nabeba bukari, ugali yetu, na sombe ya majani ya muhogo ku lupitalo. Kila siku Ngalula anaacha sufuria mahali nimeiweka. Nachukua ya jana, naacha ya leo. Bagonjwa ba pembeni banaomba. Nawapa. Banasema, Kambo unapika muzuri. Nyamaza, kula.

Leo nimefua shuka ya Tshibangu. Iko na harufu. Nilipeleka pua karibu sana, natafuta kama ni harufu ya dawa ao ya nyama. Sikujua. Nikafua tena.

Nilisali rozari moja. Katikati nikakasirika na Bikira Maria, nikamuambia ile kinywa ulinipa ni kubwa kuliko kichwa, ungeona mbele. Halafu nikaomba musamaha. Siku hizi naomba musamaha hata ku kuku.

Ijumaa, 27 Juni
Muguu inabaki.

Dokta amesema. Kidonda imekauka, nyama mupya inaota. Atachechemea mpaka kufa, lakini atachechemea na yake. Nilikaa chini mu koridoro, sista akafikiri nimeanguka.

Tshibangu akaniita. Nikaingia na macho chini. Akaniuliza, "Kambo, samaki yangu alikula nani?" Nikasema siafu. Akasema basi siafu ba ile mufereji beko na deni yake, atarudi kuilipisha. Akacheka, ikamuuma, akacheka tena. Minye sikuweza.

Ngalula akafungua sufuria. Akakula akisimama, haraka, kama muntu aliyenyimwa. Akasema, "Chumvi ni kidogo."

Nilipika na chumvi sawasawa. Kesho nitaongeza.

Alhamisi, 10 Julai
Tshibangu iko nyumbani, muguu mweupe ya plasta juu ya kiti, batoto ba jirani banaichora na makaa. Nyumba yao haina bunga. Ngalula aliuza kanga mbili juu ya dawa. Najua, juu minye nilikuta mwenye kununua anazivaa.

Leo Papa Mutombo amekuja na kitambala. Imefuliwa, imepigwa pasi. Akaiweka pa meza, akamuambia Kasongo, njia bila mukia inamuchosha, sasa anasimama kila kilima kuhesabu batu. Kasongo akasema hapana, tafuta mwengine. Papa Mutombo akasema mwengine hajajua vile inauma kugeuka na kukosa muntu. Akaenda. Kitambala akaiacha.

Nilitaka kuongea. Niliuma ulimi mpaka ikauma kweli. Kinywa yangu ilimutoa pale nyuma. Si yenyewe itamurudisha.

Ijumaa, 11 Julai
Ngalula amekuja. Mara ya kwanza tangu mikate.

Hakukaa. Akaangalia ile maiti chini ya shuka, akavuta shuka, akaikunja muzuri, akaiweka ku kitanda yangu. Akamuambia Kasongo, "Nyumba yangu haina bunga. Kesho nakwenda Kapolowe. Nitapanda nyuma yako."

Kasongo akasema, "Mama, si minye."

"Ni weye. Na utakaa mukia. Nitageuka kila mara kuangalia kama kuko muntu nyuma. Nikiona hata mbuzi nyuma yetu, nitakupiga."

Akanigeukia. Nilijua kile anatafuta: kiti ya nyuma ya pikipiki. Ile kiti ilikuwa yangu. Nikasema vaa nguo nzito, asubuhi baridi inakata. Nikamupa mupira yangu ya sufu, ile sweta ya baridi. Akaichukua.

Kasongo alibaki kusimama. Halafu akaenda kutafuta ufunguo ya bujii.

Jumamosi, 12 Julai
Bameenda na baridi. Nilifunga kitambala ku taa minye mwenyewe. Fundo mbili. Kasongo akajaribu kuifungua, haikufunguka. Akasema, Kambo, ile inatosha.

Nikafagia. Nikaosha sufuria yenye ilikuwa tayari safi. Tshibangu akanituma chai mara tatu, najua hakuwa na kiu, alikuwa anaogopa kama minye.

Saa jua inaanza kulala juu ya majani ya barabara nikabeba kiti ndogo mpaka pa kona. Sikukaa mbali. Nilikaa pale vumbi inafikia.

Papa Mutombo akapita, akainua mukono. Nikabaki kukaa. Wa pili, pembeni ya kushoto. Wa tatu. Mama mumoja akaniita, Kambo bamefika, inuka, vumbi itakuua. Nikamuambia bado. Wa ine. Wa tano. Halafu vumbi tu, nyekundu, bila muntu, nikaikula yote.

Halafu njano.

Ngalula nyuma yake, shingo imegeuka, anaangalia barabara yenye hakuna kitu.

Nikainuka. Nikaenda kuweka maji ya bukari ku jiko.