Tulizo Amekufa Nikiwa Ndani

Papa,

Nimeolewa! Nimeolewa na Janvier, yule mwalimu wa Ntoto, kule msituni, ambaye ulisema anatembea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Akiingia chumbani moyo wangu unaruka. Ananichania nywele mwenyewe, Papa. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na furaha namna hii na bado ale, alale, aamke akiwa nayo.

Nimeanza na hilo kwa sababu la pili siwezi kuliandika nikiwa nimekaa vizuri. Tulizo amekufa. Farasi wako, uliyeniachia ulipofariki.

Mimi ndiye niliyeanza. Siku ya harusi nilitaka na yeye asherehekee. Nikiwa ndani ya gauni jeupe nilimpelekea ndoo nzima ya machicha ya pombe ya mtama, akala kutoka mikononi mwangu, watu wakapiga makofi. Nilikusikia kabisa: "Ng'ombe iko na matumbo ine, anaweza kosea. Farasi iko na moja." Nilikusikia, nikacheka, nikaongeza.

Asubuhi ya Jumapili nilikuwa tayari mwali wa ndani. Unajua desturi yetu ya Nyamitaba: juma zima huvuki mlango, mpaka mashangazi waje kukutoa. Kupitia dirishani nilimwona Tulizo akigeuza kichwa kutazama ubavu wake, tena na tena, kama mtu aliyeitwa. Kisha akaanza kukwangua udongo kwa kwato, akalala, akagaragara.

Nilimnong'oneza Janvier kila ulichonifundisha. Ondoa majani yote. Mtembeze polepole, usimwache ajibamize chini. Weka sikio ubavuni, maana "tumbo yenye kunyamaza njo inaua." Mume wangu, ambaye kwao msituni hakuna aliyewahi kushika kamba ya farasi, alimtembeza akiwa bado na suruali ya harusi. Alikuja dirishani akaniambia anasikia mlio mmoja, mdogo, kama maji chini ya jiwe. Nilimpenda hapo kuliko kanisani. Nikamwambia apande pikipiki aende kumleta veterinere, daktari wa wanyama.

Akaenda. Tulizo akabaki na baba mkubwa wake Janvier.

Baba mkubwa alikuwa na wachungaji wa jirani, wote watu wa ng'ombe, na ng'ombe akivimba wanamnywesha mafuta. Wakaleta chupa ya plastiki, mawese na chumvi. Nilisimama. Papa, nilisimama na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mlango. Mama mkwe akaniambia, bila hata kupandisha sauti, "Mwali, ikala. Unataka waseme tumeoa muntu ya namna gani?"

Nikakaa.

Ulinieleza kwamba farasi hatapiki, na kwamba ukimlazimisha kunywa kwa chupa kitu kinaweza kupotea njia kikashukia pafuni. Nililijua hilo peke yangu katika boma lote, nikakaa juu ya mkeka mpya na mikono juu ya magoti, kwa sababu nilitaka wanipende. Waliinua kichwa chake kwa kamba. Aling'ata chupa. Mafuta yalitoka puani, mekundu, na wachungaji wakasema, "Imeingia, imeingia!" Alikohoa mpaka akaanguka, akasimama, akaanguka. Nilitazama yote. Hilo angalau sikujinyima.

Veterinere alifika jua likiwa juu. Alikuta mavi mabichi pale Janvier alipomtembeza. "Tumbo ilikuwa imefunguka," alisema. "Ni mapafu." Tulizo alikufa shingo ikiwa imenyooshwa, akitafuta hewa. Na baba mkubwa, akipangusa mikono, akauliza kama nyama yake inaliwa ao hapana. "Tumeishaitia mafuta na chumvi," alisema. "Inabaki moto tu." Watu walicheka. Janvier alimpa mgongo, akachukua jembe, akachimba peke yake nyuma ya zizi.

Juma limeisha. Kesho mashangazi wananitoa. Nitapita kando ya udongo ule mpya nikiwa nimepakwa mafuta, nimependeza, kisha nitapiga magoti kuwamiminia wazee kinywaji, kama mwali anavyopaswa. Ile chupa, Janvier aliniokotea, iko chini ya kitanda changu. Ina alama za meno yake. Nitaanza na baba mkubwa, nitammiminia kwa hiyo hiyo, na akiuliza nitamwambia mbele ya wote ni meno ya nani, na kwamba mimi nilijua nikakaa.

Mtoto wake Tulizo, yule mwekundu, yuko salama. Anakula kwa saa zile ulizonifundisha.

Bado nina furaha, Papa. Inanitisha, lakini iko. Lala sasa. Yule mdogo akitazama ubavu wake, hata kama kuna mkwe mlangoni, hata kama ni siku ya kuzaa kwangu, nitatoka.

Binti yako,
bibi ya Janvier