Nyama ya Pongo, Koboko

Dada Rahabu,

Nakuamkia kutoka Koboko, ambako mvua imegeuza njia zote tope jekundu. Mume wangu Yona bado yuko porini na wenzake. Wanapiga pongo na nyati risasi ili mbung'o, wale nzi wanaoambukiza ng'ombe ugonjwa, wakose damu, ng'ombe wa watu wapone. Mimi nashinda nikizungumza na kuta. Leo kanitumia paja la pongo, salamu hakuna. Nikapika, nikaita majirani wawili.

Mama Aliru, ambaye ng'ombe wake wamekufa, alikula huku akisema, "Wamalize yote! Watoto yangu nataka maziwa."

Mama Candiru, ambaye zizi lake pia limebaki tupu, akasukuma sahani. "Hii nyama hapana kuua ng'ombe yangu. Ni nzi. Kesho nzi itakunywa damu ya mbuzi. Mtapiga mbuzi pia?"

Wakatupiana maneno hadi Mama Aliru akaondoka kwa hasira. Nikangoja na huyu aondoke. Hakuinuka.

"Nyama mimi hapana kula," akasema, "lakini wewe kukula peke yako si mzuri."

Akakaa nami mpaka nikamaliza. Dada, nilikula huku machozi yananitoka.

Mungu akutunze, na wanao uwakumbatie kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Wakesho